Hukumu ya Kufanya Kazi ya Usimamizi wa Mitandao ya Kompyuta Jeshini

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad:

Tumepokea swali kutoka kwa mzazi mmoja wa Pemba. Kijana wake amemaliza shahada ya teknolojia ya habari, amekaa miaka miwili akihangaika na vibarua, na sasa ameitwa kujiunga na jeshi kama mtaalamu wa mitandao ya kompyuta. Baba anaiona kuwa ni riziki iliyobisha hodi. Mama ameapa kwamba hatampa radhi zake akivaa sare, kwani anayakumbuka yaliyotokea visiwani Januari 2001, na hadi leo akiona gari la askari hufunga mlango. Kijana naye ana swali lake: yeye hatashika bunduki, atakaa mbele ya kompyuta, je, hilo halimtoi katika hesabu ya yale yanayofanywa na jeshi?

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi kila vyuo vyetu vinapotoa wahitimu wa fani hizi. Kwa hiyo tumeona tuyajibu kwa urefu, ili kila familia yenye jambo kama hili ipate pa kuanzia.

Kazi yenyewe ni ipi

Wanazuoni wanasema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulielewa. Basi tuanze kwa kuelewa.

Msimamizi wa mitandao ndiye anayeunganisha kompyuta, simu na seva ili zizungumze, na anayehakikisha hazikatiki. Anafunga waya na vifaa vya kugawa mawasiliano, anafungua akaunti za watumiaji, anaweka nywila, anatunza nakala za akiba, anazuia wavamizi, na anasoma kumbukumbu za mfumo ili ajue nani ameingia, saa ngapi na amefanya nini. Jeshini kazi hiyo hubeba mambo ya aina nyingi: mishahara ya askari, mafaili ya hospitali ya kambi, ghala la chakula, ramani, mawasiliano ya vyombo vya baharini, na amri za makamanda.

Mambo mawili yanaitofautisha kazi hii na nyengine. La kwanza, mwenye kuifanya huweza kuona vitu ambavyo hata mkubwa wake pengine havioni, kwa sababu funguo zote ziko mkononi mwake. La pili, yeye ni askari. Amekula kiapo, anapokea amri, na hawezi kuondoka siku anayotaka kama anayefanya kazi dukani.

Asili ya kazi ni halali

Kujua kompyuta ni elimu yenye manufaa, na asili ya kazi za mikono na akili ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Chombo hakiharamiki kwa sababu tu kimetoka jeshini. Mtandao wa ARPANET, ambao ni mzazi wa intaneti ya leo, uligharamiwa na wakala wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ujumbe wake wa kwanza ulipita tarehe 29 Oktoba 1969 baina ya chuo kikuu kimoja na taasisi moja ya utafiti huko California. Leo kupitia mzao wake watoto wetu wanasikiliza Qur-ani na sisi tunajibu maswali yenu.

Wala kuwa na jeshi si jambo ovu katika dini. Aya ya 60 ya Suratul Anfal inaamrisha kuandaa nguvu kwa kadiri ya uwezo, na nguvu ya zama hizi haisimami bila ya mawasiliano. Kulinda mipaka, kuzuia wizi wa baharini na kuokoa watu ni maslahi ya wote. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, na kila nyumba ilijua usiku ule thamani ya taarifa moja kufika kwa wakati. Mwenye kuhakikisha kuwa mawasiliano ya waokoaji hayakatiki yumo katika kuhuisha nafsi za watu.

Tunamkumbusha pia kijana huyu hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Ibn Abbas, yenye maana kwamba yapo macho mawili ambayo Moto hautayagusa: jicho lililolia kwa kumuogopa Allah, na jicho lililokesha likilinda katika njia ya Allah. Anayekesha zamu ya usiku akilinda mfumo ili adui asiingie, kwa nia ya kuwalinda watu na mali zao, tunamtarajia kheri. Bali nia ndiyo itakayotenganisha, kama ilivyokuja katika hadithi mashuhuri ya Umar.

Kutoshika bunduki si kinga peke yake

Hapa tunamjibu kijana moja kwa moja. Katika Suratul Qasas, aya ya 8, Allah anawataja Firauni na Hamana pamoja na majeshi yao, wote kwa sifa moja ya ukosaji. Hakuwatoa wale walioshughulika na farasi au mahema. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 17, Nabii Musa (A.S.) anaahidi kwa Mola wake kwamba hatakuwa kamwe msaidizi wa wakosefu. Na aya ya 2 ya Suratul Maida inaamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu, na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kwa hiyo swali si kama amekaa mbele ya kompyuta au ameshika silaha. Swali ni: kinachopita katika waya anaoutunza kinakwenda kufanya nini, na yeye anajua kiasi gani?

Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Shafi walilizungumza jambo hili kwa mfano wa zabibu. Mtu akimuuzia zabibu yule anayejua kwa yakini, au kwa dhana yenye nguvu, kwamba atazigeuza pombe, ni haramu. Akiwa na shaka tu, inachukiza. Akiwa hana habari wala dalili, hakuna ubaya, kwani zabibu asili yake ni chakula. Wakasema pia kuwa kumuuzia silaha adui aliye vitani na Waislamu haifai na biashara yenyewe haiswihi. Ukipima kwa mizani hiyo, kazi ya mtandao jeshini inagawika sehemu tatu.

*Sehemu ya kwanza* ni kutunza mfumo wa matumizi ya jumla: mishahara, hospitali, ghala, barua za kiofisi, ulinzi wa mipaka, uokozi. Hii ni halali, na mshahara wake ni halali. Akitokea mtu mmoja akautumia mfumo huo kwa uovu wake, dhambi ni yake, kama ambavyo aliyechonga barabara habebi dhambi ya mwizi aliyepita juu yake.

*Sehemu ya pili* ni kuandaa kitu maalumu kwa ajili ya dhulma maalumu, naye anajua. Mfano ni kuamrishwa kukata mawasiliano ya mtaa ili wakaazi wake wadhuriwe bila ya kuweza kuomba msaada, au kuchota majina na nambari za raia wasio na hatia ili wakamatwe na kuteswa. Hii ni haramu wazi, hata kama kazi ya mkono wake ni kubonyeza kitufe kimoja.

*Sehemu ya tatu* ni ile yenye shaka, ambapo hajui kilichokusudiwa. Huyu hawajibiki kupekua kila amri, kwani jeshi lolote lina siri zake. Lakini zikikusanyika dalili mpaka dhana yake ikawa na nguvu, hukumu inahamia sehemu ya pili, na kujifanya hajui hakumfai kitu mbele ya Allah.

Amri, kiapo na mpaka wa utiifu

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ali (R.A.) kisa cha kikosi ambacho Mtume (S.A.W.) alikituma na kukiwekea kamanda, akawaamrisha wamtii. Safarini kamanda alighadhibika, akawaambia wakusanye kuni, wakoke moto, kisha waingie ndani yake. Wakatazamana, wakasema kuwa wao walimkimbilia Mtume ili waepukane na moto. Wakangojea, ghadhabu za kamanda zikapoa na moto ukazimika. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kwa maana kwamba lau wangeuingia wasingetoka humo, na kwamba utiifu ni katika lililo jema tu.

Angalieni kuwa kamanda yule alikuwa na amri sahihi ya kuongoza, na waliomkatalia hawakuacha jeshi wala hawakumuasi katika mambo mengine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiapo cha askari kinamlazimu kutii kwa sababu aya ya 1 ya Suratul Maida inaamrisha kutekeleza mikataba, lakini hakuna mkataba unaohalalisha alichokiharamisha Allah.

Akipewa amri ya dhulma, afanye haya kwa mpangilio: aombe ufafanuzi kwa adabu, aombe amri hiyo kwa maandishi, ampelekee aliye juu zaidi au afisa wa sheria, kisha aombe kuhamishwa idara. Akitishwa, itaangaliwa kiwango cha kulazimishwa kwake. Lakini wanazuoni wamekubaliana kwamba kulazimishwa hakumhalalishii mtu kuua nafsi isiyo na hatia ili aokoe yake. Na taarifa inayotolewa kwa kujua kwamba itapelekea kuuawa asiye na hatia iko karibu mno na mlango huo.

Jicho na sikio la msimamizi

Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi ya kazi hii haiko vitani. Iko katika siku za kawaida, saa nane za usiku, msimamizi akiwa peke yake na barua za watu wote ziko wazi mbele yake.

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza kupelelezana. Imepokewa kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi akijikunia kichwa. Alimkemea vikali, akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Na Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas onyo kwamba anayesikiliza mazungumzo ya watu wasiotaka asikilize atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni Siku ya Kiyama. Nywila ni mlango, na sanduku la barua za mtu ni chumba chake. Kuwa na ufunguo si idhini ya kuingia.

Kuna atakayesema: jeshi haliwezi kujilinda bila ya kupeleleza. Ni kweli, na Sunna imeonesha pia namna yake. Katika Vita vya Khandaq Mtume (S.A.W.) alimtuma Hudhaifa bin Yaman kuingia kambi ya maadui na kuleta habari, akamuonya asiwachokoze. Hudhaifa alimuona Abu Sufyan akijipasha moto mgongo, akaweka mshale katika upinde, kisha akakumbuka alichoambiwa akauacha. Alipelekwa kuangalia, akaangalia na akarudi.

Kisa cha pili ni cha Hatib bin Abi Baltaa, aliyewaandikia Makureshi kuwafahamisha safari ya Mtume (S.A.W.) kuelekea Makka. Ali, Zubair na Miqdad walitumwa kumfuata mwanamke aliyebeba barua hiyo mahali paitwapo Rawdat Khakh. Walipekua mtu mmoja, kwa jambo moja lililojulikana, wala hawakusimamisha kila msafiri wa njia ile wakafungua mizigo yake. Mtume alijua kwa Wahyi. Sisi Wahyi umekatika, kwa hiyo badala yake panatakiwa dalili iliyo dhahiri na kibali cha mwenye mamlaka kisheria.

Kutokana na hayo tunasema: kufuatilia mawasiliano ya adui, au ya mtu aliyethibiti kwa dalili kuwa ni hatari, kwa kibali, ni jambo linalojuzu kwa kadiri ya haja. Kusoma barua za askari wenzake kwa udaku, picha za familia zao, au mazungumzo ya raia wote kwa jumla bila ya sababu, ni katika kupelelezana kulikoharamishwa. Na akiona aibu ya mtu kwa bahati mbaya wakati wa kazi, aisitiri.

Siri ni amana

Katika Suratul Qasas tena, aya ya 26, mfanyakazi bora anasifiwa kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Na Nabii Yusuf (A.S.), alipoomba kusimamia hazina za Misri, alijitambulisha kuwa ni mlinzi na mjuzi, kama ilivyo katika aya ya 55 ya sura yake. Ujuzi bila ya ulinzi wa amana haukutosha katika sehemu zote mbili.

Mfano wa zama zetu ni wa Marekani. Mwezi wa Aprili 2023 alikamatwa kijana wa miaka 21, Jack Teixeira, wa kikosi cha anga cha akiba cha jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilikuwa hii hii ya kutunza mifumo ya mawasiliano. Alichukua nyaraka za siri akaziweka katika ukumbi wa mazungumzo wa vijana wenzake mtandaoni. Alikiri makosa, na Novemba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Miaka 10 kabla yake, Juni 2013, Edward Snowden, aliyekuwa akisimamia mifumo kwa mkataba na shirika la usalama la nchi hiyo hiyo, aliwapa waandishi nyaraka zilizoonesha kuwa kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu zilikuwa zikikusanywa. Watu wametofautiana sana juu yake. Tunachotaka kifahamike ni kwamba wote wawili hawakuwa wakuu wa vikosi. Walikuwa mafundi wenye funguo, na yule wa mwanzo hata hakuwa na dhulma aliyotaka kuizuia.

Katika mlango wa amana kuna mambo mengine ambayo kwetu yamezoeleka mpaka yanaonekana madogo. Kutoa rushwa ili uitwe kazini kumelaaniwa, mtoaji na mpokeaji. Kupokea "ahsante" kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza vifaa vya mtandao kumo katika kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya Zaka akarudi na kusema, kwa maana, kuwa hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa maana: kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi? Na kutumia mfumo wa kazi kumtafutia rafiki nambari ya mtu au taarifa za mchumba ni khiyana, hata kama hakulipwa.

Swala katika zamu

Wengi wanaofanya kazi za zamu hutuuliza kuhusu Swala. Aya ya 102 ya Suratun Nisaa imefundisha Swala ya khofu: kundi moja linaswali na jengine linalinda, kisha wanabadilishana. Ikiwa mbele ya adui Swala haikuondoshwa, bali ilipangiwa zamu, basi haiondoki mbele ya seva. Wapeane nafasi wawili wawili, dakika 10 zinatosha.

Ikitokea hitilafu kubwa ambayo akiiacha kutakuwa na madhara ya kweli, na akahofia wakati wa Adhuhuri kutoka, wako wanazuoni walioruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa haja bila ya kuifanya mazoea. Wametegemea hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi Muslim, na Imam Nawawi ameitaja kauli hii. Katika madhehebu yetu asili ni kutokusanya nje ya safari na mvua, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni mlango wa kila siku. Ama Ijumaa, mwenye zamu ya ulinzi isiyoachika ana udhuru, ataswali Adhuhuri rakaa nne. Aombe zamu zizungushwe asikose Ijumaa nyingi mfululizo.

Kwa mabinti wanaotuuliza juu ya kazi hii, hukumu ni hiyo hiyo, na wanazidishiwa kuangalia suala la stara katika sare na mafunzo, na kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu katika zamu za usiku.

Majeshi ya nchi nyengine

Tunao vijana wenye asili ya visiwa hivi waliokulia Uingereza na kwengineko, ambao mlango wa jeshi la huko uko wazi kwao. Kwao suala ni zito zaidi, kwa sababu jeshi hilo linaweza kupelekwa kupigana na watu wa nchi za Kiislamu.

Baada ya Septemba 2001 mwalimu wa dini wa askari Waislamu wa Marekani aliuliza kuhusu kushiriki vita vya Afghanistan. Jopo la wanazuoni na wanafikra, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, lilijibu kwa kuruhusu kwa kuangalia dharura za Waislamu wa huko, na likaelekeza kwamba askari akiweza aombe kutumikia nyuma, katika huduma. Wanazuoni wengi waliipinga fatwa hiyo, nasi tuko pamoja na waliopinga katika asili yake: haifai kwa Muislamu kujiunga kwa hiari yake na jeshi akijua kuwa litampeleka kuwapiga Waislamu au yeyote kwa dhulma. Na huduma za nyuma haziondoi hukumu hiyo. Vita vya leo vinaongozwa kwa mtandao, na aliyetunza njia iliyopitisha shabaha ya kombora hayuko nyuma sana. Aliyekwishaingia aombe kazi ya ndani ya nchi, hospitali au mafunzo, na ajiandae kutoka mkataba unapomalizika.

Kabla ya kutia saini, na radhi za mama

Sasa turudi nyumbani Pemba.

Kwanza, kijana ajue anachoingia. Mafundi wa mawasiliano huenda waendako wapiganaji. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14, waliokuwa katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Congo. Tunaomba Allah awasubirishe jamaa zao. Asimwambie mama yake kuwa atakaa ofisini tu, kwani hilo hana uwezo wa kuliahidi. Aulize muda wa mkataba, taratibu za kuacha kazi, na kama mtaalamu anaweza kupangiwa kazi nyengine. Akishaapa, kutoroka ni kosa kwa sheria na ni kuvunja ahadi kwa dini. Kwa hiyo istikhara na mashauriano mahali pake ni kabla ya kiapo.

Pili, alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda jihadi. Akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akamuelekeza kwamba jihadi yake iwe kwao. Mafaqihi wakachukua kutoka hapa kwamba wajibu wa kutoshelezana, ambao wengine wakiufanya inatosha, haufanywi bila ya idhini ya wazazi wawili ikiwa kuna hatari ya nafsi. Kazi hii si faradhi juu ya kijana huyu, na hatari imo. Kwa hiyo hatumruhusu aende na mama yake amekataa. Ujuzi wake unahitajika pia hospitalini, bandarini, benki zisizo za riba na vyuoni, na miaka miwili ya kungoja si mwisho wa riziki.

Tatu, mama naye asikilizwe na asikilize. Khofu yake ina sababu na hatuwezi kumwambia asahau. Lakini tunamuomba amuulize mwanawe maswali haya tuliyoyaandika: utafanya nini ukiamrishwa kudhulumu? Utafanya nini ukiwa peke yako na siri za watu? Pengine majibu yatamtuliza, na pengine ataona kuwa ni bora sehemu ile awepo mtu anayemuogopa Allah kuliko asiyemuogopa. Akibadilisha moyo wake, kiapo chake kina njia: atoe kafara iliyotajwa katika aya ya 89 ya Suratul Maida, kwa kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Mtume (S.A.W.) ameelekeza kuwa aliyeapa kisha akaona lililo bora zaidi, alifanye na atoe kafara.

Na kwako baba uliyetuandikia: usiichukue fatwa hii ukamsomea mkeo nusu yake ya mwanzo. Msomeeni yote, mkiwa watatu.

Muhtasari

Kazi ya usimamizi wa mitandao katika jeshi la nchi, kwa huduma za jumla na ulinzi wa halali, inajuzu na mshahara wake ni halali. Inakuwa haramu pale msimamizi anapotumikia dhulma kwa kujua, au anapojiunga na jeshi ambalo anajua litampeleka kwenye dhulma. Kusoma siri za watu bila ya haki ni haramu katika hali zote. Utiifu uko katika jema tu. Swala haiondoki. Na radhi za wazazi zitafutwe kabla ya kiapo.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu riziki za halali zisizowatenga na wazazi wao, na atuepushe sote na kuwa wasaidizi wa madhalimu kwa mikono yetu au kwa kunyamaza kwetu.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.